Kuwafunza na Kuwatia Hamu Njiwa Wachanga wa Mashindano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mfugaji mwenye makinda wa kati ya wiki 4 na miezi 8. Mbinu nyingi za mchezo huu zilikomazwa Ubelgiji, Uholanzi na Uingereza, nchi za baridi zenye siku ndefu za kiangazi. Pale ambapo joto letu, upepo wetu au nafaka zetu zinabadilisha mambo, tumeeleza.

Njiwa hufundishwa kurudi, au huzaliwa anajua?

Uwezo wa kuijua njia huzaliwa nao. Hutumia jua kama dira, huhisi usumaku wa dunia, hufuata harufu zinazoletwa na upepo, na akikaribia kwao hushika alama anazozijua: barabara, mto, mnara. Hayo huwezi kumfundisha. Unachoweza kumpa ni nguvu ya kufika na sababu ya kutaka kufika upesi. Sababu hizo ni nne: njaa ya kiasi, mahali pake mwenyewe pa kulala, mwenzake, na kiota. Makinda wengi hupotea kwa sababu mwenyewe alikimbilia barabarani kabla banda halijawa mahali pa kutamaniwa.

Nikinunua makinda, niwachukue wakiwa na umri gani?

Siku 25 hadi 30. Wakati huo kinda anakula nafaka mwenyewe, chini ya mbawa bado kuna ngozi kidogo isiyofunikwa na manyoya, na hajawahi kuruka nje. Ukimchukua akiwa na miezi mitatu na ameshazunguka angani kwa mwenye banda la kwanza, moyo wake umebaki kule. Siku utakayomfungulia atarudi kule. Njiwa kama huyo mfanye mzazi, umfungie, urushe watoto wake.

Kabla hujamweka na wengine, hakikisha anajua kunywa. Kinda aliyetoka kulishwa na wazazi anaweza kukaa siku nzima kando ya maji bila kuyaona. Mtumbukize ncha ya mdomo, usizamishe pua, mara moja au mbili, akimeza, basi.

Banda la makinda 20 liweje?

Mita 2 kwa 2, urefu wa kwenda juu mita 2, linatosha. Ukizidisha idadi, ugonjwa ndio wa kwanza kukujulisha. Hewa iingie chini na kutoka juu, lakini upepo usiwapige waliolala. Bati tupu bila dari litawachemsha kufikia saa 6 mchana: weka makuti juu yake, au dari ya mbao yenye nafasi ya kupitisha hewa.

Visanduku vya kulala viwe vingi kuliko njiwa, tuseme 25 kwa njiwa 20, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 12 hivi. Hili si pambo. Kinda aliyepata kisanduku chake hukipigania, na anapokuwa kilomita 60 kutoka nyumbani, hicho ni kitu chake kinachomngoja. Anayelala sakafuni kwa kukosa nafasi hana haraka ya kurudi.

Nawazoeshaje nje bila kuwapoteza siku ya kwanza?

Weka kizimba cha waya juu ya ubao wa kutua, kiungane na mlango wa kuingilia. Kwa siku 7 hadi 10 waache wakae humo saa kadhaa kila siku, walione paa, mti wa jirani, mnara wa simu, mpangilio wote wa mtaa. Wakati huohuo wafundishe mlango: vile vijiti vinavyosukumika kuelekea ndani tu. Mwanzoni viinue viwili vitatu wapite, kisha vishushe kimoja kimoja hadi wajifunze kuvisukuma kwa kifua.

Siku ya kuondoa kizimba chagua jioni tulivu, saa moja kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa. Usiwafukuze, usipige makofi. Watatoka kwa kutembea, watapanda paa, wengine watapiga mbawa na kushuka. Baada ya nusu saa waite wale. Fanya hivyo siku tano mfululizo.

Kosa kubwa ni kuchelewa. Kinda wa wiki 5 hana nguvu ya kwenda mbali. Wa wiki 8 ambaye hajawahi kutoka ana mbawa kamili na hana kumbukumbu ya paa lake; akishtuka mara moja tu anaweza kupanda juu na kundi zima na lisionekane tena.

Wakirudi hukaa juu ya paa na hawaingii. Kwa nini?

Kwa kawaida wameshiba. Pengine wanakuogopa, au mlango unawaumiza. Chunguza yote matatu.

Mashindanoni saa husimama njiwa akishaingia na pete yake ya mguuni kusomwa. Chukua njiwa aliyetoka kilomita 48 kwa dakika 40: mwendo wake ni mita 1,200 kwa dakika. Akikaa juu ya paa dakika 3 tu, muda unakuwa dakika 43 na mwendo unashuka hadi mita 1,116. Amefika wa kwanza na ameandikwa nyuma ya waliofika baada yake.

Dawa yake ni wito. Chagua sauti moja, filimbi au kopo la mahindi linalotikiswa, na usiitumie kwa jambo jingine lolote. Tangu siku wanapoachishwa, piga wito kisha mimina chakula, kila mlo. Wakiingia, hesabu hadi 60 halafu ondoa chombo. Aliyechelewa akute sakafu tupu. Siku tatu zatosha. Wiki ya pili wataanguka kutoka angani wakisikia filimbi. Lakini ukiita mara moja bila kuwapa kitu, umeanza kuuharibu wito wako mwenyewe.

Niwape chakula gani, na kiasi gani?

Gramu 30 kwa njiwa kwa siku ndio mwanzo, yaani gramu 600 kwa njiwa 20. Gawa mara mbili: gramu 10 kila mmoja asubuhi baada ya kuruka, 20 jioni. Mchanganyiko unaofaa kwa nafaka za sokoni kwetu, kwa kila kilo 10:

- mahindi madogo au yaliyopasuliwa, kilo 3.5
- mtama, kilo 2.5
- kunde, choroko na mbaazi ndogo, kilo 2.5 kwa jumla
- ngano au uwele, kilo 1
- alizeti, nusu kilo

Makinda wanaokua na kubadilisha manyoya wanahitaji hizo jamii za kunde. Wakianza safari za kilomita 50 na kuendelea, punguza kunde hadi kilo 1.5 na uongeze mahindi, maana wanga na mafuta ndivyo vinavyochomwa angani. Karanga mbichi chache, tano au sita kwa njiwa, jioni mbili kabla ya safari ndefu, husaidia sana. Kila siku zitawanenepesha.

Kipimo kizuri kuliko mizani ni macho yako. Mimina kidogo kidogo ukiwa umechuchumaa hapo hapo. Mwanzoni wote wameinamisha vichwa na sakafu inagonga kama mvua. Kisha mmoja anaacha mtama na kuchagua mahindi tu. Kisha wa kwanza anakwenda kunywa. Wakifika watatu au wanne kwenye maji, acha kumimina. Hapo wametosheka bila kujaa, na kesho filimbi itafanya kazi.

Mahindi yenye ukungu, hata yakiwa ya bei nafuu, usiyaguse. Sumu kuvu huharibu ini, na njiwa mwenye ini bovu anaonekana mzima bandani lakini hana safari. Weka pia chombo cha changarawe ndogo, maganda ya kombe yaliyopondwa na chumvi kidogo. Firigisi haina meno. Bila changarawe nafaka nzima hazisagiki.

Njaa tunayoisema ni ile ya mtu anayesubiri chakula cha jioni. Ukishika kidari na mfupa wa katikati umechongoka kama kisu, umevuka mpaka. Maji hayapunguzwi kamwe.

Wanatua tu, hawazunguki. Nifanyeje?

Kuanzia wiki ya 9 hadi ya 12 kundi lenye afya huanza kwenda mbali lenyewe: linapotea machoni dakika 20, 40, hata saa nzima, kisha linarudi kwa kasi likiwa chini chini. Hiyo ndiyo shule yao ya kwanza na hailipiwi mafuta ya gari.

Wasipofanya hivyo, angalia uzito kwanza. Njiwa mnene huhema mdomo wazi baada ya mizunguko miwili. Angalia saa unayowafungulia: mwisho mzuri ni saa 2 asubuhi, na jioni kuanzia saa 11. Usiwachanganye na njiwa wakubwa wavivu, maana makinda huiga. Bendera juu ya mlingoti mrefu hutumika kuwazuia kutua, na inafaa, ila isizidi dakika 15 na isitumike kwa kinda mgonjwa. Ukiwatisha kila siku, paa lako wanaligeuza mahali pa hofu, na hofu hiyo utaikuta siku ya mashindano.

Safari za barabarani zianze lini, na kwa umbali gani?

Baada ya wiki mbili au tatu za kwenda mbali wenyewe. Kabla ya hapo ni kamari. Kisha panda hivi, ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ya simu, si kwa kilomita za barabara, kwa sababu mashindano yenyewe hupimwa kwa mstari:

Kilomita 5 mara tatu, 10 mara mbili, 20 mara tatu, 30 mara tatu, 50 mara tatu au nne, 80 mara mbili, halafu 100. Siku nne kwa wiki zinatosha mwanzoni. Wakifika 50, siku tatu. Usipande ngazi mpaka kundi limerudi vizuri mara mbili mfululizo kutoka ngazi uliyopo. Wakitumia saa mbili kwa kilomita 20, rudi 10.

Zile za kilomita 5 unaweza kuzifanya pande mbalimbali. Kuanzia 20 fuata mstari wa mashindano yako. Kwa banda la Dar es Salaam hiyo kwa kawaida ni njia ya Kibaha, Chalinze, Morogoro. Kwa Mombasa ni njia ya Mariakani na Voi. Usiwapeleke makinda upande wa pili wa maji. Makinda huogopa kukata bahari na wengi hufuata ufuo hadi wanapotea.

Wakishazoea 20 kwa kundi, wagawe: waachie wawili wawili au mmoja mmoja, ukisubiri wa kwanza atoweke kabisa kabla ya kumfungulia wa pili. Njiwa aliyezoea kufuata wenzake atawafuata hata wakipita juu ya banda lake kwenda kwa mtu mwingine. Kushinda ni kuweza kuliacha kundi, na hilo hujifunza hapa.

Tenga liweje, na niwaachieje?

Tenga la sentimita 80 kwa 40, kimo 25, libebe njiwa 10, si 15. Sakafu iwe na maranda au kadibodi ya mikunjo wasiteleze. Wazoeshe kulala ndani yake nyumbani usiku mbili kabla ya safari ya kwanza, na wajifunze kunywa kwenye kikombe kilichoning'inizwa nje.

Asubuhi ya safari usiwape chakula. Mkifika, weka tenga kivulini likielekea nyumbani, waache watulie dakika 15 hadi 30 wakiliona anga, kisha fungua mlango wote mara moja. Chagua uwanja usio na nyaya za umeme. Kinda aliyeshtuka hazioni, na mbawa iliyogonga waya ni mwisho wa safari zake.

Hali ya hewa ipi inakataza?

Ukungu, mvua kati ya hapo na nyumbani, na ile hali ya anga jeupe lenye vumbi na moshi ambapo kilima cha kilomita 10 hakionekani. Jua lisipoonekana na ardhi isipoonekana, umewanyang'anya dira na alama kwa pamoja. Joto nalo: wawe angani kabla ya saa 3 asubuhi.

Upepo wa pwani unahitaji hesabu. Anayerudi Dar kutoka magharibi hukutana na kusi ikimsukuma kaskazini, na kaskazi ikimsukuma kusini. Zote mbili pia humpiga usoni kwa pembe kwa kuwa hutoka upande wa bahari. Kwa hiyo mwendo wa mita 1,000 kwa dakika siku ya kusi kali si mbaya, na aliyekuja kutoka upande usioutarajia hakupotea, alisukumwa.

Nimepoteza nusu ya kundi siku moja. Sababu ni nini?

Anza na afya. Kundi linaloanza kuugua halionyeshi lolote bandani, linaonyesha barabarani. Halafu jiulize kama uliruka ngazi, kama walifika wakiwa na kiu, kama kozi, yule ndege mwindaji, alilipiga kundi dakika ile walipopanda, kama walichanganyika na kundi la mfugaji mwingine likielekea kwingine. Waliorudi wapumzishe siku tatu, kisha waanze upya kilomita 10. Baadhi ya waliopotea hurudi siku kadhaa baadaye, hivyo mlango na maji viwe wazi mchana.

Namna ya kutumia dume na jike kuwatia hamu ni ipi?

Hapa ndipo wafugaji wa Ubelgiji walipotangulia wengine. Kinda akifika miezi mitatu na nusu hadi minne huanza kutafuta mwenzake: dume ananguruma na kuzunguka, jike anaanza kuinamisha kichwa. Siku hiyo watenganishe, vyumba viwili, katikati mlango wa kuteleza. Wapige safari zao, warushe kwa zamu, majike saa moja, madume saa moja.

Jioni kabla ya safari muhimu, au saa mbili kabla ya kuwatia tengani, fungua ule mlango. Watakimbiliana. Madume watashika pembe za sakafu, watashika vyungu vya viota ulivyowawekea, jike atamfuata aliyempenda. Kabla hawajachoka, wakamate na uwatie tengani. Wakirudi wakute mlango u wazi na mwenzao ndani, wakae pamoja hadi jioni, kisha watenge tena. Ukiwaacha pamoja wiki nzima hamu inaisha, na jike ataanza kutaga.

Usitumie njia hii kwa kila safari ya kilomita 20. Iweke kwa siku zinazohesabiwa.

Hatua ya juu zaidi ni kiota. Kinda wa miezi sita anaweza kurushwa akiwa ameatamia mayai siku 10 hadi 12, au akiwa na kitoto cha siku chache. Mayai huanguliwa baada ya siku 17 au 18 hivi, na yai linalokaribia kupasuka humvuta jike kuliko chakula chochote. Mbinu nyingine ni kumwekea dume wa pili karibu na kiota dakika 10 kabla ya kumtia tengani. Dume mwenye kiota ataondoka akiwa na wasiwasi wa nyumba yake.

Jike ni wa mashindano au wa kuzalisha tu?

Wa mashindano sawasawa. New Kim, njiwa wa Ubelgiji aliyeuzwa Novemba 2020 kwa euro milioni 1.6, ni jike. Kwa bei alimpita dume Armando, aliyeuzwa mwaka uliotangulia kwa euro milioni 1.25.

Je, niwatie gizani kama Wazungu wanavyofanya?

Ulaya huwafungia mwanga makinda wabaki na saa 8 au 9 za mchana, ili wasiangushe manyoya ya mbawa katikati ya msimu. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na kufunika madirisha ni kuwachemsha. Panga tarehe ya kuwazalisha badala yake. Kinda huangusha nyoya la kwanza la mbawa akiwa na wiki 6 hadi 8, na manyoya yote 10 makubwa huchukua miezi mitano au sita kubadilika. Yale matatu ya mwisho ya nje yanapokua, na kichwa kinapokuwa na miiba miiba, mpumzishe safari ndefu.

Nichunguze nini kila wiki?

Mshike. Awe mwepesi kuliko anavyoonekana, nyama ya kidari rangi ya waridi, pua nyeupe kama chokaa, koo safi lisilo na utando wa njano. Mavi yawe tonge dogo lenye kofia nyeupe.

Maji mengi kwenye mavi, kunywa kupita kiasi, shingo kupinda, kudonoa punje na kuikosa: hizo ni dalili za ugonjwa wa kirusi wa jamii moja na kideri cha kuku. Chanjo yake hupigwa tangu wiki ya 5 au 6, chini ya ngozi nyuma ya shingo kuelekea mabega, kwa kipimo cha kwenye chupa. Safari zisianze kabla ya wiki tatu kupita. Utando wa njano kooni, kutapika nafaka na kuhara kijani vyote ni vya daktari wa mifugo mwenye hadubini. Kuwapa antibayotiki kila Jumatatu "kwa tahadhari" huwadhoofisha na huficha ugonjwa.

Inua bawa utafute yule inzi bapa wa kahawia anayekimbia kimbavu kati ya manyoya. Huyo huwaambukiza njiwa vijidudu vya damu vinavyofanana na malaria. Njiwa mwenye navyo huruka banda vizuri, lakini huishiwa nguvu safari inaporefuka. Safisha viota na pembe za banda kila wiki, na tumia unga wa pamethrini.

Amerudi siku ya tatu, mwepesi kama karatasi. Nimpe nini kwanza?

Maji kwanza, ya vuguvugu, yenye pakiti moja ya ORS kwa lita mbili, funda chache kila robo saa. Usimwekee mahindi, gole lililokauka litashikilia nafaka ngumu hadi zichache. Baada ya saa moja mpe kijiko cha chai cha ulezi au mchele, jioni kingine, kesho yake mtama. Mweke peke yake penye giza kiasi, mkague kidari na makucha kama ana jeraha, na siku ya nne mrudishe kwenye kisanduku chake kilekile, ukimtoa aliyekivamia. Asipigwe safari kwa wiki tatu. Akianza mwenyewe kuzunguka na kundi bila kuhema, mwanzishe kilomita 10.